Kidole Kisichosoma

Leo wakala wa kusajili laini za simu alisema, "Futa jasho, mama, kidole hakisomi."

Mama akacheka. "Mawe yamekimaliza, mwanangu."

Nikakumbuka harufu ya wino darasani, siku tulipoigiza upelelezi wa wizi wa chaki. Mwalimu alisema kila mtu huzaliwa na alama zake za vidole, kisha tukagandamiza vidole kwenye karatasi. Changu kiliacha doa tupu.

"Mzimu huyo!" wenzangu wakapiga kelele.

"Nyumbani unafanya kazi gani?" mwalimu aliuliza.

Kila Jumamosi nilikuwa naponda mawe ya dhahabu na mama. "Nafua sana, mwalimu," nikajibu.

Wakala akanigeukia, akatania, "Na binti naye amerithi?"

Nikaficha mikono nyuma.