Wale Wasio na Midomo

Sisi tuliovaa kaptura zenye viraka makalioni tunakumbuka dagaa walivyoanikwa juu ya mchanga wa Kibirizi, weupe, wakimeta hadi ungedhani ziwa limepanda ufukweni kuota jua. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kunguru. "Kunguru akishiba, leo nyie mtakula upepo," mama alikuwa akituonya. Tulikaa na mihogo yetu ya kuchemsha, tukimsubiri Zuhura.

Zuhura alitutangulia madarasa mawili, na Kiingereza alikijua. Alikuwa na riwaya ya safari za angani, isiyo na jalada, aliyoletewa na mjomba wake aliyefanya kazi melini. Alisoma ukurasa kimya, kisha akatusimulia kwa Kiswahili, na Kiha kidogo mambo yakinoga. Chombo cha wasafiri kiling'aa kama dagaa anayegeuka majini. Huko nyotani walikuta viumbe wasio na midomo, waliozungumza kwa kugusanisha vipaji vya nyuso. Tukajaribu na sisi. Paji kwa paji, macho tumefumba, mawimbi yakija polepole, na naapa nilisikia kitu. Kunguru walikula sana siku hizo.

Zilibaki sura chache tu wakati filamu ya kitabu kile ilipoletwa mjini. Kaka yangu akanipeleka onyesho la mchana. Chombo kilikuwa kama debe la mafuta ya taa. Viumbe walikuwa watu waliopakwa rangi ya kijani, mmoja zipu inaonekana mgongoni, na midomo walikuwa nayo: walipiga kelele mpaka bunduki zilipowamaliza. Nilirudi nimenuna njia nzima. Lakini sikuilaumu filamu. Kesho yake, mbele ya wenzetu wote, nikamwambia Zuhura, "Mwongo wewe! Nimewaona kwa macho yangu. Wana midomo!"

Wenzangu wakadakia, "Zuhura mwongo! Zuhura mwongo!" Akafunga kitabu, akaondoka. Hakutusimulia tena.

Nilipofika sekondari nilikuta nakala nyingine ya kitabu kile maktaba, nikakisoma chote. Zuhura hakuwa ameongeza kitu. Nikaona aibu kwenda kumwambia, na aibu hiyo nimezeeka nayo.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu filamu mpya ya hadithi ileile. Moto, milipuko, na viumbe wanabwata kama watangazaji wa mpira. "Babu, si kali hii?" Nikamwambia ni kali. Watoto wa leo huonyeshwa kila kitu, maskini. Nani atawaambia wafumbe macho? Usingizi wa mchana ukanikataa. Nikapanda bodaboda mpaka Simbo, alikoolewa Zuhura.

Nilimkuta anaanika maharage. Nikajitambulisha, nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Miaka yote hiyo unahangaika na midomo? Kaa hapo mkekani, mzee mzima." Kisha akatulia, akichambua punje moja moja. "Mwisho wa kitabu kile mimi siujui. Siku ile nilikiwashia moto jikoni. Nilidhani kweli nilikuwa sijui kusoma."

Nikakaa mkekani. Kuku wawili wakasogelea maharage.

"Mwisho ninaujua," nikasema. "Nikusimulie?"

"Simulia. Na hao kuku uwafukuze, usiwe kama zamani." Akaegemea ukuta, akafumba macho. "Ila midomo usiwape."