Kuomba Maganda ya Vitunguu

Sisi tuliokulia komini iitwayo Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, hatukujua dawa ya bustani inayouzwa kwa chupa. Wadudu wakivamia mboga za mama nyuma ya nyumba, dawa ilitoka jikoni: maganda ya vitunguu na vitunguu saumu, pilipili zilizonyauka, mabaki ya sabuni. Mama aliviloweka kwenye ndoo iliyofunikwa bati kwa siku kadhaa, hadi harufu ikafukuza hata paka. Kisha alichuja kwa kipande cha kitenge kilichochakaa, akampa kila mtoto kifagio cha majani, nasi tukanyunyizia chini ya majani ya mboga huku tukirushiana na kulizana kwa pilipili. Majivu ya makaa tuliyamwaga kuzunguka mashina. Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na lengalenga, yaani mchicha, isiyo na tundu hata moja, na kesho yake mikono ilinuka vitunguu darasani.

Taabu ilikuwa maganda. Ya nyumba moja hayakutosha, kwa hiyo mama alinituma mimi, kifungua mimba wake, nipite mlango kwa mlango na beseni. Niliona haya ya kufa. "Mama anaomba maganda ya kitunguu," nilisema nikitazama vidole vya miguu yangu, kisha nikikabidhiwa tu, mbio, kabla hawajauliza ya nini.

Kwa kuwa sikueleza, watu walijieleza wenyewe. Jumapili moja kina mama wa kanisani waliingia uani kwetu wakiimba, mmoja na mfuko wa unga kichwani. Jirani yetu Mama Feza akamshika mama mkono.

"Dada, kwa nini unatufichaka? Batoto banakula maganda, na sisi tuko hapa?"

Baba, mfanyakazi wa reli aliyejivunia kulisha nyumba yake, alikuwa ameketi mlangoni na singlendi. Sijawahi kuona mtu mzima akitafuta pa kujificha kwake mwenyewe namna ile. Watoto wa barabara nzima walikuwa wamejaa kwenye uzio, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama akaenda kwenye ndoo, akafunua bati. Harufu ikawajibu. Kina mama walicheka hadi wakakaa chini, lakini unga hawakuuchukua.

"Hatutabeba tena ile unga," alisema Mama Feza akipangusa machozi. "Iko muzito."

Baba aliula unga huo hadi ukaisha, macho kwenye sahani, nami sikuthubutu kumtazama.

Mwanangu ni msomi wa chuo kikuu, kule Kasapa. Juzi alinionyesha dawa ile ile kwenye simu yake, akaiita "bio" kana kwamba wameigundua wao, kisha akaenda kununua vitunguu vizima ili apate maganda! Nilicheka sana. Nikamwambia akaombe kwa majirani kama tulivyofanya sisi. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia atoke uchi. Basi nikaenda mwenyewe, nikagonga geti la pembeni yetu, nyumba tuliyopakana nayo ukuta miaka mingi.

Mama wa nyumba ile alifungua geti kidogo tu. Safari hii nilieleza yote vizuri: bustani, wadudu, dawa, hata kicheko cha wale kina mama. Yeye hakucheka.

"Maganda itatoka wapi, papa? Tangu bwana alipoteza kazi, tunakulaka bukari na chumvi. Siku ingine, hata bukari hakuna."

Aibu niliyoipata pale inashinda zote za utotoni. Zamani zile watu walikosea, wakatuletea chakula tusichokihitaji. Mimi nimelala ukuta mmoja na njaa yenyewe, nisisikie kitu. Nikageuka nikimbilie nyumbani kuchota unga, nikataka kwanza kumwita kwa jina lake, nimwambie asifunge geti.

Sikulijua.