Mkanda wa Nanga

Marehemu fundi mzamiaji aliitwa Nanga kwa sababu akishafika chini ya maji alisimama wima, na mkondo haukumtikisa. Kazi yake ilikuwa kufunga boliti za nguzo za gati, kazi ya kusimama. Aliacha mjane, binti mmoja na mkanda mzito wa vipande vya madini ya risasi, uzito wa kumshusha mzamiaji chini. Siku binti alipopata kazi ya baba yake, mjane alimvisha mkanda ule kwa mkono wake.

"Wa nyumba hii husimama," alimwambia. "Usije ukatuaibisha."

Lakini binti hakupelekwa gatini. Alipelekwa kukagua matangi ya maji ya kunywa ya mji, na humo mzamiaji hasimami. Huelea kifudifudi, mwili umenyooka kama ubao, juu ya mashapo laini yaliyotanda sakafuni. Unyayo ukigusa tu, mji mzima unayaona bombani.

Kwenye mazoezi alikuwa ametibua kila mara. Leo lilikuwa tangi lenyewe.

"Binti Nanga," msimamizi akamvuta pembeni, "huo mkanda unakuvuta kiunoni, ndiyo maana miguu inashuka. Risasi zipande juu, karibu na shingo ya mtungi wa hewa mgongoni. Nimesema mpaka koo limekauka. Lala, binti, lala!"

"Ni mkanda wa baba, mzee."

"Nanga kazaa nanga," mzamiaji mmoja akachombeza, na wenzake wakaangua kicheko.

Akazama. Akanyoosha mgongo, akakunja magoti, akajibana tumbo. Wapi! Kiuno kikaanza kwenda chini na miguu ikafuata taratibu, kama mtu anayekalishwa kwa nguvu. Akavuta pumzi ndefu ajinyanyue. Kifua kikapanda, miguu ikazidi kushuka. Kwa hofu akapiga mapezi ya miguuni, na hapo ndipo alipojimaliza. Wingu la kahawia likafumka, likameza taa, likameza hata mikono yake. Akabaki gizani akisikia pumzi zake zikienda mbio, na moyoni analia: baba, niachie. Baba, niachie.

Alipoibuka juu, hakuna aliyecheka tena.

"Nimekuombea nafasi moja zaidi," msimamizi alisema bila kumtazama. "Maji yakitulia utarudi. Ukija na mkanda huo, usishuke. Rudisha vifaa uende zako."

Alipofika nyumbani, alimkuta mama yake jikoni, ameshika sufuria ya maji rangi ya kutu. Jirani alikuwa mlangoni na ndoo yake.

"Shoga, na kwako hivi hivi? Nani huyo katuchafulia maji?"

"Mabomba ya zamani hayo, jirani," mjane alijibu bila kupepesa macho, akafunga mlango. Kisha akageuka. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Tangini mtu hulala, hasimami, na mkanda wa baba unanizamisha. Nikiuvaa tena, kazi sina."

Mjane akaushika mkanda, akaupakata kama mtoto mgonjwa. Halafu akaanza kuvichomoa vile vipande kwa nguvu, vikidondoka sakafuni kwa vishindo.

"Mtu akikuuliza, mkanda wa baba yako uko kabatini, mzima," alisema. "Wewe nenda kalale, mwanangu. Kalale kama wanavyotaka."

Binti akapiga magoti kuokota risasi za kufunga juu ya mtungi, bila kujua kama miguu yake itamsikia. Juu ya kichwa chake, bomba lilikuwa bado linatiririsha maji ya kahawia.