Mlango wa Kijani wa Jericho

Msinicheke sana, wasomaji. Majuzi nilitoka Kakamega kuja Nairobi kwa hija ya kanisa letu, nikaelekezwa nyumba ndogo ya wageni mtaani Jericho, nyuma ya soko, yenye mlango wa kijani.

Nilibisha, mama mmoja akafungua. "Karibu sana, baba," akasema, akinipokea mkoba.

Nikaketi kama bwana mkubwa. Nikalalamika kwamba chai haina sukari, akaongeza. Nikaitisha maji moto ya kuoga, akachemsha. Nikaitisha hata kuku, naye akachinja! "Mama, nitaisifu hoteli yako parokia nzima," nikamwambia. Akacheka, akidhani ni utani.

Jioni mumewe alirudi kutoka kazini, akanikuta miguu nimeipandisha mezani. Akanisalimu kwa heshima, kisha akamnong'oneza mkewe, "Mama Nekesa, huyu kaka yako sijawahi kumwona."

"Kaka yangu? Si huyu ni binamu yako uliyesema anakuja hija?"

Wote wawili wakanigeukia. Nikashusha miguu polepole. "Kwani hapa si nyumba ya wageni?"

Mzee akaangua kicheko. "Kuanzia leo ndiyo," akasema. "Mama Nekesa, mtandikie mgeni."