Wengu Usio na Kosa

Fundi hakuwa mtu wa kumezea jambo. Miaka ishirini na sita alishona nguo za watu kwenye chumba chake cha dirisha moja, na mteja aliyemletea maneno alirudishiwa yake. Siku homa ilipomwangusha kando ya cherehani na binti yake akamkimbiza hospitali, swali la daktari kijana wa zamu lilimshangaza.

"Mama, ulichanjwa baada ya kutolewa wengu?"

"Wengu gani tena? Mimi nilikatwa kipande cha tumbo, na saratani yenyewe ilikuwa huku chini."

Kijana akapekua faili. Wengu ulitolewa mwaka jana, siku ileile ya upasuaji wa tumbo, ukiwa mzima. Akamweleza taratibu kwamba wengu husaidia mwili kupigana na vijidudu. Asiye nao anahitaji chanjo, na homa akiipuuza inaweza kumuua kwa siku moja.

Mwaka mzima! Mwaka mzima Fundi alikuwa akitibu homa zake kwa kulala mapema, na waliojua wamekaa kimya. Hivi mtu mzima na akili zake anafanyiwaje hivyo?

Siku ya nne, alipoweza kusimama, akamvizia daktari mkuu aliyempasua. Alimkuta wodi ya wanaume ya jirani pamoja na yule daktari kijana, kando ya kitanda cha seremala aliyengojea upasuaji kama wa Fundi kesho yake.

"Daktari, wengu wangu ulikuwa na kosa gani?"

"Tukikata tumbo lenye saratani, wengu tunautoa pia. Ndivyo tulivyofundishwa. Na maji yakimwagika hayazoleki, mama."

"Aliyeyamwaga nani? Ukiniletea suruali nipunguze kiuno, nikakata na mguu mmoja kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, utaivaa?"

Wodi nzima ikacheka, ila daktari mkuu.

"Tuliamini inazuia saratani isirudi," akasema.

"Na sasa?"

Aliyejibu ni yule kijana, macho sakafuni. "Sasa inajulikana haisaidii, kama saratani haijaufikia wengu."

Fundi akamgeukia seremala. "Kaka, umeambiwa kesho wengu unatoka?"

"Nimeambiwa tumbo tu, dada."

"Basi usitie saini."

Daktari mkuu akatoa kalamu, akaandika kwenye fomu ya seremala kwamba wengu ubaki iwapo hauna saratani. Seremala akasoma mara mbili, akatia saini, akashukuru.

Fundi hakuondoka. "Na mimi," akauliza, "utaniandikia nini?"