Begi la Kamera Lirudi Tupu

Nilikwenda kwenye kikao cha bajeti kwa sababu ya upweke, si kwa sababu ya elimu. Shule ya binti yangu hapa Oakdale iliwaalika wazazi wasaidie kupanga fedha za kamera za video, na siku hiyo nilikuwa nimetoka kazini mapema, kwenye nyumba ya wazee ninakoogesha na kulisha. Nikajiambia angalau patakuwa na watu waliokaa meza moja wakizungumza. Theluji ilikuwa imeshika barabara, nikaendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Tulikuwa wachache: mwalimu mkuu, mwalimu wa somo la video na wazazi kiasi. Hela hazikutosha kila darasa lipate kamera yake. Baba mmoja alitaka zinunuliwe nyingi za bei rahisi. Mwalimu wa video alitaka chache, nzuri, zizunguke kwa zamu. Waliponigeukia, niliwaeleza habari za kikundi cha kina mama wa mtaani kwetu Morogoro, waliokuwa na masufuria makubwa ya shughuli. Leo yako kwenye harusi ya huyu, kesho kwenye msiba wa yule, na hakuna aliyeaibika mbele ya wageni kwa kukosa sufuria lake. Nilijua pia kwamba kwetu wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako, ila methali hiyo niliimeza. Wakanikubalia. Tukapanga na pesa za betri za akiba, za maikrofoni na za mabegi imara, maana kila mtoto angekaa na kamera nyumbani wikiendi moja.

Nilirudi nimejaa maneno, na wa kumwambia hakuna. Binti yangu alikuwa na hedifoni masikioni. Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza.

Zamu yetu ilipofika, kazi yake ilikuwa kumrekodi mtu wa nyumbani akipika. Nikakaanga maandazi, yeye akanizungukia na kamera akiuliza maswali yake. Moja lilikuwa ni kitu gani ninachokikosa zaidi tangu nihamie Marekani. Nadhani alitegemea niseme maembe.

"Mtu wa kugonga mlango bila kupiga simu kwanza," nilimwambia.

Aliendelea kurekodi mafuta yakichemka, nami nikaona nimesema mambo mazito kwa mtoto. Lakini ndiyo ilikuwa kweli yangu. Hapa watu wanaulizana kwa ujumbe wiki nzima kabla ya kutembeleana, na mwishowe mmoja anapata dharura. Majirani wa jengo letu ninawajua kwa buti zao tu, zilizoachwa zikauke nje ya milango.

Sasa, kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukilirudisha sufuria la kikundi bila hata kipande cha muhogo ndani, utasemwa mpaka na wajukuu. Jumapili jioni nikachukua bakuli langu la maua mekundu, lile lenye mfuniko, nikalijaza maandazi na kuliingiza ndani ya begi, ubavuni mwa kamera. Chini ya bakuli nikabandika kikaratasi chenye anwani yetu, kwa ajili ya mama wa mtoto atakayefuata. Sisemi ulikuwa ukarimu mtupu. Bakuli la mtu lazima lirudishwe, na anayelirudisha lazima agonge mlango.

Nikaanza kufagia sebule kila nikitoka kazini.

Aliyenitafuta ni mwalimu wa video, kwa simu, nikiwa ninamlisha mzee mmoja uji. Alisema kwa upole sana, na upole ule ndio ulioniumiza. Mafuta ya maandazi yalikuwa yamevuja, maikrofoni imelowa, begi limepelekwa kusafishwa. Maandazi wameyatupa, maana sheria haziruhusu mtoto kupewa chakula kisichojulikana kilikotoka. Bakuli liko ofisini, nilifuate nikipita. Sikupita. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilikuwa mpweke kuliko kabla sijajaribu.

Kikao kilichofuata kilikuwa na mambo mawili mapya kwenye bajeti yetu: pesa za maikrofoni nyingine, na kanuni kwamba begi lirudi na vifaa vya shule tu, bila kitu kingine ndani. Hakuna aliyenitazama. Mwalimu mkuu akaomba wanaokubali wanyooshe mikono, na wa kwanza kunyoosha nilikuwa mimi.

Kesho yake alasiri nilikuwa jikoni ninaosha vyombo, mlango ukagongwa. Nikajua ni fundi wa jengo, au mtu aliyekosea nyumba. Binti yangu ana ufunguo wake na hajawahi kugonga.

"Hodi," sauti ikasema.

Nilisimama na povu mikononi. Miaka mingi nilikuwa sijaambiwa neno hilo. Nikaenda kufungua. Alikuwa binti yangu, amesimama koridoni na koti lake la baridi, ameshika bakuli langu la maua mekundu kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na machenza mawili, yale wanayopewa shuleni na chakula cha mchana.

"Sikupiga simu," akasema, kwa Kiswahili.

Nikampisha aingie, nikaenda kubandika chai.