Mtani Alipokuja Kumtoa Baba

Baba alikataa kuhama kwa sentensi moja, akairudia majira yote ya baridi: mtu hutolewa nyumbani kwake mara moja tu. Ukimuuliza kama anataka chai, anataka, asante, ila mtu hutolewa nyumbani kwake mara moja tu. Ukimwambia theluji imeanza, anachungulia dirishani, anakubali kwamba kweli imeanza, kisha anakuwekea ileile. Mimi hasira zangu ziko karibu, nyumba nzima inajua, na kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nikiisikia tu sentensi hiyo naenda jikoni kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Nyumba yenyewe iko Woodbridge, huku Marekani, ya ghorofa, yenye bafu juu na ngazi za kukutoa roho. Baba alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na tangu hapo Mama ndiye aliyekuwa akimwinua, akimwogesha, akimvisha na kumgeuza kitandani. Mama naye si msichana. Mgongo ulishaanza kumwinamisha, na mara baada ya Krismasi wakaanguka wote wawili bafuni, yeye chini, Baba juu yake, wakabaki hivyo mpaka nilipofika na uji. Nilipouliza kulikoni, Mama alisema wamejipumzisha.

Daktari hakuzunguka. Alisema mgongo ule ukipata pigo jingine, Mama hatasimama tena. Basi mimi na kaka yangu tukatafuta makazi ya wazee, yale ambayo mtu ana vyumba vyake na mlango wake, ila wapo watu wa kumsaidia kuoga, kuvaa na kumeza dawa kwa wakati. Tulipata pazuri Arlington. Kaka yangu anaishi Texas, na mtu anayeishi Texas huwa ana ushauri mzuri ajabu. Aliutoa kwa simu, akautoa kwa video, na mara moja akatuma chati zenye rangi. Baba alizitazama chati, akasifu rangi, akasema sentensi yake. Tukamwita mchungaji. Mchungaji aliomba vizuri, akala vizuri zaidi, akaondoka na bakuli la kubeba, na Baba akabaki palepale kwenye kiti chake cha kuegemea.

Sasa mtoto unamwambiaje baba yako kwamba anamuua mama yako? Kwa Kiswahili hakuna namna ya kulisema hilo ukabaki na adabu. Kwa Kiingereza ipo, nikaijaribu, akaniambia niongee lugha ya watu. Nikamgeukia Mama, nikamsihi aseme mwenyewe, maana mgongo ni wake. Mama akaendelea kukunja taulo. Akasema, "Nimeishi naye miaka yote hii, leo nimwambie ni mzito?"

Vyumba vya Arlington vilikuwa vikishikiliwa kwa ajili yetu mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Baada ya hapo wangepewa wengine waliokuwa wakisubiri. Nikaagiza lori la kuhamisha vitu bila kumuuliza mtu. Nilijiambia Baba akiliona lori atalainika.

Lori likaja, hakulainika. Alikaa katikati ya sebule na pajama zake, mkono mzima ameupandisha juu ya ule uliolegea, na wale wanaume wawili wa lori wakawa wanamzunguka. Walibeba kochi, akawatazama. Walibeba kabati la vyombo, akawaambia washike chini, si ubavuni. Sebule ikaisha pembeni zote, akabaki yeye na kiti chake, taa moja ya kusimama na maboksi machache. Nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao, ambao si mwingi, kwamba Mama anahama leo. Akasema awasalimie wa huko.

Ndipo tukasikia kilio nje. Kilikuwa kilio cha mwanamume mtu mzima, kilio cha msibani hasa, kinachoanzia chini na kupanda mpaka kinapasuka. Aliyekufa, kwa mujibu wa kilio hicho, alikuwa Mnyamwezi, na mliaji alitaka kujua ni nani sasa atakayewabebea watu mizigo.

Nikafungua mlango. Alikuwa mtani wa Baba, Mzaramo wa Kisarawe, mzee wa umri wa Baba, kavaa kanzu na koti zito juu yake, na begani ana koleo la theluji. Alikuwa ametoka nalo nyumbani kwake Columbia Heights, kwa treni, kisha basi, kisha kwa miguu. Akaniuliza kaburi tumechimba wapi, au ndiyo kazi aliyoachiwa yeye.

Kwa asiyejua utani, niseme kidogo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishusha mizigo pwani na Wazaramo wakiwatazama. Mtani anakutukana, anakula chako bila kuomba, na ukifa anakuja msibani kwako kuvaa nguo zako na kukuigiza mbele ya wafiwa, na anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Huruhusiwi kununa. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa malezi. Baba na huyu Mzaramo walikutana hapa vijana, Baba karani wa ofisini, mwenzake dereva wa teksi, na wametukanana kwa mapenzi tangu siku hiyo.

Mimi nilitaka kumrudisha na koleo lake. Lakini mzee ni mzee, nikampa shikamoo.

"Marahaba, yatima," akasema. "Marehemu yuko wapi?"

Wale wanaume wa lori walikuwa wameshavua kofia zao, na mmoja akapiga ishara ya msalaba. Jirani yetu, mama wa Kimarekani mwenye moyo mzuri, akavuka bustani yake mbio akanikumbatia. Nilimweleza kwamba Baba ni mzima, amekaa tu ndani. Akanishika mkono na kuniambia ndiyo, siku zote atakuwa amekaa ndani, moyoni. Baada ya muda akarudi na keki. Keki tuliipokea, ungefanyaje?

Mzaramo akaingia. Baba alipomwona, kitu kikamcheza mdomoni, upande ule unaocheza.

"Umefuata chakula," Baba akasema.

"Nimekuja kukutoa. Nasikia mtu hutolewa mara moja tu, nikasema hii ikinipita nitajilaumu."

Akaanza kazi. Wanaume wa lori walikuwa wamefikisha friji mlangoni. Akasimama kizingitini na koleo lake, akatangaza kwamba friji ya marehemu haitoki mpaka itoke asali. Baba anayo asali ya Tabora ambayo huwaficha hata wajukuu. Akasema hakuna asali. Mtani akasema basi hakuna friji. Wakabishana hivyo, friji ikiwa hewani, wanaume wawili wakiwa chini yake, na mimi nikiomba radhi kwa niaba ya taifa zima. Mwisho Baba akamwelekeza Mama ilipo chupa. Mzaramo akailamba asali kwa kijiko palepale mlangoni, akasema ina ladha ya moshi, akapisha. Nilikuwa sijamsikia Baba akibishana juu ya kitu kingine tangu theluji ya kwanza. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, akaninong'oneza kama babu anaonewa tuite mtu. Nikamwambia hapana, babu anafurahi.

Kisha mtani akavaa nguo za Baba. Akatwaa koti lake la kanisani na kofia yake, akaishika ile woka, fremu ya magurudumu anayotembelea Baba, akaanza kukokota mguu wa kushoto kuzunguka sebule tupu. Alikuwa Baba hasa. Alilipata hata lile guno la kukaa. Akajitupa kwenye sanduku la vitabu na kuita kwa sauti ya Baba kabisa.

"Mama watoto! Maji. Mama watoto! Si hayo, ya vuguvugu. Mama watoto! Nigeuze. Umenigeuza sana, nirudishe."

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikacheka, na Mama akajifunika mdomo. Wanaume wa lori nao wakacheka, bila kujua wanacheka nini.

Mzaramo hakusimama hapo. Akavua kofia, akachukua kanga ya Mama iliyokuwa juu ya boksi, akajifunga. Sasa akawa Mama. Akainuka kutoka kitanda ambacho hakipo, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni, akasubiri kidogo mgongo umruhusu. Akaenda. Akamwinua mtu ambaye hatukumwona, akamkalisha, akamfuta, akamlaza. Akarudi. Kabla hajafika akaitwa tena, akageuka. Tulikuwa bado tunacheka, lakini kicheko kilikuwa kinapungua. Mwisho akaingia bafu ambalo halipo, palepale sebuleni, akafungulia bomba huku akivumisha maji kwa mdomo, akakaa kwenye sanduku la vitabu kana kwamba ni ukingo wa beseni la kuogea, akauma pindo la kanga, mabega yakawa yanamtikisika. Kisha akafunga bomba, akajifuta uso, akaita kwa sauti ya kawaida, "Nakuja."

Mimi ndiye niliyekuwa naingia na kutoka humo kila siku nikijiona mtoto mwema, na habari ya bomba sikuijua. Hakuna aliyeijua, isipokuwa mwenyewe. Nikamtazama Mama. Alikuwa amekazana kubandika utepe wa gundi kwenye boksi ambalo lilishabandikwa, na hapo nikaelewa ni nani aliyempigia Mzaramo simu. Nilimwonea huruma, nikamwonea na wivu wa akili zake.

Nilidhani Baba atakasirika. Hakuweza kukasirika, huyu alikuwa mtani wake. Alimgeukia Mama.

"Ulikuwa unalia?" akauliza.

"Si kila siku," Mama akasema.

Mzaramo alivua kanga, akaikunja, akamrudishia Mama kwa mikono miwili. Kisha akajirudia mwenyewe, akagonga koleo sakafuni mbele ya miguu ya Baba na kumuuliza kama marehemu atatoka kwa miguu yake au abebwe, kwa sababu Mzaramo habebi, wa kubeba ni Wanyamwezi.

"Nileteeni viatu," Baba akasema.

Nilimvisha mimi. Kamba zikanigomea, na Baba akanisubiri. Tulipotoka, jirani alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake na kitambaa cheusi. Alipomwona marehemu anashuka na woka na kumpungia mkono, alikaa chini kwenye ngazi. Baba akamshukuru kwa keki.

Njia ya kwenda Arlington ilikuwa imeziba kama kawaida yake, na Mzaramo alikaa kiti cha mbele, akisema ndiyo nafasi ya mrithi. Baba akamwambia Wazaramo hawajarithi chochote ila ngoma. Waliendelea hivyo mpaka tukafika, na mimi nikaendesha kimya, nikiogopa kwamba nikifungua mdomo Baba atakumbuka anakopelekwa.

Vyumba vilikuwa safi, vinanukia rangi mpya. Tulipanga vitu vichache vilivyoingia. Muda si muda akabisha hodi mhudumu wa zamu, mama mmoja wa Kikongo, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Kusikia tunazungumza Kiswahili akacheka. Akamwambia Baba, "Papa, minakuja juu ya kukusaidia kuoga, umetoka njia, uwe fresh." Baba alikuwa ameapa mara nyingi kwamba hakuna mwanamke mwingine atakayemwona uchi mpaka Mungu amchukue.

Mama akawa ameshasimama. Alikuwa na taulo mkononi, sijui alilitoa wapi, mabegi yenyewe hatujafungua. Mkono wa pili ulishaenda kiunoni.

"Kaa," Baba akamwambia.

Mama akasema maji ya huku hayajui, yanaweza kuwa ya moto sana.

"Huyu mama anayajua. Wewe kaa."

Mama akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, na taulo mapajani, na viatu miguuni. Baba akajiinua kwenye woka, akaingia bafuni na yule mama wa Kikongo, mlango ukafungwa. Tulisikia maji yakimwagika. Tulimsikia Baba akiuliza watu wa kwao wanatania na kabila gani. Mama alitazama ule mlango kwa muda, mikono yake ikitafuta kitu cha kushika. Mimi nikageuka kutundika mapazia.

Baba alipotoka, amevaa shati safi, nywele zimechanwa, Mama alikuwa amelala. Kichwa kimeangukia begani, mdomo wazi, anakoroma kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mzaramo akamwona, akanyoosha kanzu, akachukua pumzi ndefu, na usoni nikaona kabisa kwamba kilio kingine cha msiba kinakuja.

Baba aliinua mkono wake ule mzima.

"Nyamaza," akasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu amelala."

Mtani, ambaye sijawahi kumwona akimtii mtu, akafunga mdomo. Akavuta kiti taratibu kwa ajili ya Baba, akajitafutia chake, na wazee wawili wakakaa kimya wakimwangalia Mama akikoroma.